Simu imekataa kuweka programu. Nani ameamua?

Wateja wetu kadhaa wa Ishiara, wengi wao wenye maduka na wanunuzi wa ndengu, wametuletea swali moja kwa maneno tofauti. Kuna kijana ametengeneza programu ya kusoma SMS za malipo na kuzipanga kama daftari la mauzo: nani amelipa, saa ngapi, pesa ngapi. Msimbo wake ameuweka wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma. Faili ameituma kwa WhatsApp. Unaigusa ili uiweke kwenye simu, na simu inakataa. Si onyo la kukuuliza kama una uhakika. Inakataa tu, na kitufe kilichobaki ni cha kukubali kwamba umekataliwa. Sasa watu wanauliza: ni nyinyi mmeizuia? Ni kampuni ya laini? Ni serikali?

Si sisi, si kampuni ya laini, na si serikali. Aliyekataa ni Google, kupitia kitu kinachoitwa Play Protect ambacho kimo ndani ya simu karibu zote za Android zinazouzwa hapa kwetu. Lakini jibu hilo linazaa swali zito zaidi, na ndilo linalotufanya tuandike leo. Kama simu ni yangu, programu ni huria, na aliyeitengeneza ndiye amenipa, Google anaingiaje hapo katikati?

Tuanze na sababu ya mtu kuitaka programu kama hiyo, maana wengine huiona kama mchezo wa vijana. Anayeuza dukani siku ya soko anajua. SMS za malipo zinaingia moja juu ya nyingine, mteja anakuonyesha simu yake akisema "nimetuma", na wewe una gunia kwenye mizani na watu watatu wanasubiri. Wakora wanaujua huo msongamano. Wanakutumia ujumbe unaofanana na wa malipo, lakini umetoka kwa namba ya kawaida, na ukiwa na haraka unatoa mzigo bure. Programu inayosoma SMS inaweza kuangalia ujumbe umetoka kwa nani hasa na kukuambia: huu si wa malipo. Jioni inakujumlishia. Kwa mwenye duka asiyeweza kuajiri karani, hiyo ndiyo karani.

Huria mpaka kwenye kizuizi

Android yenyewe ni programu huria. Moyo wake ni Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na sehemu kubwa ya kilichojengwa juu yake Google huitoa kwa leseni ya Apache. Huria hapa si kusema tu kwamba ni bure. Maana yake ni kwamba msimbo uko wazi: unaweza kuusoma, kuubadilisha na kumpa mwenzako. Wakenya si wageni katika jambo hili. Ushahidi, ramani ya kukusanya taarifa za wananchi kwa SMS na intaneti, ilizaliwa hapa mapema mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, msimbo wake ukawekwa wazi, na miaka miwili baadaye ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Hakuna aliyehitaji kuomba kibali cha mtu kuichukua.

Sasa, leseni inakupa haki juu ya msimbo. Haikupi barabara ya kuufikisha kwenye simu ya mtu. Ndengu ni zako, umezilima mwenyewe Mbeere na hakuna anayebisha. Lakini kama barabara ya kwenda sokoni ni moja, na aliyesimama kwenye kizuizi ni mmoja, kuna siku utajua kwamba kumiliki gunia na kulifikisha ni vitu viwili.

Mfano mzuri ni Huawei. Mwaka 2019 Marekani iliiwekea vikwazo vya biashara. Huawei haikupoteza haki ya kutumia Android, kwa sababu msimbo ni wa kila mtu. Ilichopoteza ni Play Store na huduma nyingine za Google kwenye simu zake mpya, ambazo si huria hata kidogo. Walionunua simu hizo walikuta mfumo ni uleule waliouzoea, lakini programu nyingi walizotegemea hazipatikani, au zinafunguka na kukwama. Hapo ndipo wengi walipotambua nguvu iko wapi: dukani, wala si kwenye msimbo.

Tume ya Ulaya ilikuwa imeshaliona hilo. Julai 2018 iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34, pamoja na mambo mengine kwa sababu mikataba yake iliwabana watengenezaji wa simu waliotaka Play Store wasiuze simu zenye aina nyingine ya Android. Google ilikata rufaa, na mwaka 2022 mahakama ikapunguza faini hadi yuro bilioni 4.125 lakini ikaacha sehemu kubwa ya uamuzi jinsi ulivyokuwa.

Kizuizi kilivyofika Kenya

Februari 2024 Google ilianza majaribio Singapore. Mwaka huohuo majaribio yakapelekwa nchi nyingine, na Kenya ikawa mojawapo, pamoja na Nigeria, Afrika Kusini, India, Brazil na nyinginezo. Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Simu inaangalia mambo mawili. La kwanza ni njia: je, faili imetoka kwenye kivinjari, kwenye WhatsApp au programu nyingine ya ujumbe, au kwenye kabati la mafaili ya simu? La pili ni kile inachoomba: je, inataka kupokea SMS, kusoma SMS, kusoma arifa zinazojitokeza juu ya kioo, au kutumia huduma za Ufikivu? Njia ikiwa hiyo na ombi likiwa mojawapo ya hayo manne, mlango unafungwa.

Hayo manne hayakuchaguliwa ovyo. Fikiria simu inayolia: "Habari ya leo mama, napiga kutoka huduma kwa wateja. Akaunti yako imepata shida kidogo, nimekutumia programu kwa WhatsApp, iweke turekebishe." Mama akiiweka na kukubali kila inachoomba, kuanzia hapo namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki zinasomwa na mwingine kabla yeye hajaziona. Ufikivu ni hatari zaidi. Huduma hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wasioona vizuri au wasioweza kugusa kioo, kwa hiyo inaweza kusoma kila kilicho kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Ikiwa mikononi mwa mwizi, ni kama umemkabidhi simu ikiwa imefunguliwa.

Kwa hiyo hatutasema kwamba kizuizi hiki ni upuuzi. Kinaokoa pesa za watu, na sisi kazi yetu ni pesa za watu.

Shida ni kwamba kizuizi hakiangalii moyo wa programu. Kinaangalia njia na ombi. Programu ya karani wa duka na programu ya mwizi zinaomba ruhusa ileile na zinapita WhatsApp ileile. Kwamba moja msimbo wake uko wazi, na mwalimu wa kompyuta angeweza kuusoma mstari kwa mstari, hilo halihesabiwi.

"Si aiweke Play Store basi?" Tumeulizwa hilo pia. Anaweza kujaribu. Atalipa dola 25 kufungua akaunti. Kama akaunti yake ni mpya na ni ya mtu binafsi, atatafuta watu 12 waijaribu programu siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. Halafu atafika kwenye SMS. Tangu mwaka 2019 Play Store hairuhusu programu isome SMS isipokuwa ndiyo programu kuu ya ujumbe kwenye simu hiyo, au iwe imepewa ruhusa maalum. Kuna nafasi ya programu za kufuatilia matumizi ya pesa kupewa ruhusa hiyo. Lakini anayesoma maombi ni Google, anayekubali ni Google, na anayekataa ni Google. Milango ni miwili, askari ni mmoja.

Askari naye hulala

Kama askari huyo angekuwa hakosei, huenda tungenyamaza. Lakini Wakenya wanakumbuka programu za mikopo. Ulikopa elfu mbili, ukachelewa siku tatu, na mama mkwe wako, mwalimu wa mtoto na bosi wako wakapigiwa simu kuambiwa wewe ni mdeni. Namba zao zilitolewa kwenye kitabu chako cha simu, kwa ruhusa uliyoitoa bila kusoma. Nyingi ya programu hizo hazikuja kwa WhatsApp. Zilikuwa Play Store, zina nyota na zina maoni mazuri.

Zilitolewa kwa sababu sheria ya hapa ilisogea. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zilianza kutumika Machi 2022, zikidai leseni. Ndipo Google ikatangaza kwamba kuanzia mwisho wa Januari 2023 programu ya mikopo nchini Kenya lazima ionyeshe uthibitisho wa leseni ya Benki Kuu au kwamba imeiomba, na mamia zikaondolewa. Baadaye mwaka huohuo, kwa nchi zote, programu za mikopo zikakatazwa kugusa majina ya kitabu cha simu na picha.

Tunalisema hili bila kuficha: siku hiyo nguvu ya duka moja ilitusaidia. Benki Kuu ingewafukuza vipi wakopeshaji wasio na ofisi hapa nchini, kama si kwa kufungiwa duka? Lakini angalia mpangilio. Kanuni ilitungwa Kenya, ikachapishwa, ikapingwa na kujadiliwa, kisha duka likaifuata. Hilo si sawa na duka kujitungia kanuni na sisi kuipata kama habari.

Jambo la 2027

Agosti 2025 Google ilitangaza hatua kubwa zaidi. Kila mtengenezaji wa programu, hata asiyetumia Play Store, atatakiwa kujiandikisha kwa Google: jina lake halisi, anwani, barua pepe, namba ya simu, na pengine kitambulisho. Programu ya mtu asiyejiandikisha haitawekwa kwenye simu zenye cheti cha Google, ambazo ndizo simu za Android mnazozijua. Kwa tangazo hilo, hatua inaanza Septemba 2026 Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Kenya iko katika kundi hilo la pili.

Sababu waliyoitoa ni usalama. Google ilisema uchunguzi wake ulikuta programu hasidi zaidi ya mara 50 kwenye zile zinazopakuliwa ovyo mtandaoni kuliko zile za Play Store. Hatuna sababu ya kuibishia. Lakini kitambulisho kinakuambia ni nani, hakikuambii ni nini. Kampuni za mikopo tulizozitaja zilikuwa na majina na akaunti zilizolipiwa.

Waliopiga kelele kuliko wote ni F-Droid, na malalamiko yao yanafaa kueleweka hata kama hujawahi kuisikia. F-Droid ni duka la programu huria tupu, linaloendeshwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2010. Halikuombi akaunti wala barua pepe. Linafanya kazi kinyume na maduka mengine: halipokei faili iliyokwisha kutengenezwa, linachukua msimbo ulio wazi, wajitolea wanaukagua, wanaitengeneza programu wenyewe, kisha mara nyingi wanaipiga muhuri wao. Muhuri huo ni kama uzi na alama ya mshonaji kwenye mdomo wa gunia. Simu ikiletewa toleo jipya inaangalia kama mshonaji ni yuleyule. Akiwa mwingine, inakataa. Sasa, ukidai kila programu iandikishwe na mwenyewe kwa Google, F-Droid hawana la kufanya. Hawawezi kuwalazimisha maelfu ya wajitolea duniani wajiandikishe, na hawawezi kujiandikisha kama wenye programu ambazo si zao. Septemba 2025 walisema wazi kwamba masharti hayo yangeua mradi wao.

Novemba 2025 Google ililegeza kidogo. Ilisema itatengeneza njia ya watu wanaojua wanachofanya kuweka programu zisizoandikishwa baada ya kupitishwa kwenye maonyo, na akaunti nyepesi za wanafunzi na wanaojifunza, zitakazofikisha programu kwa simu chache tu. Fundi mwenye kompyuta na waya naye ameachiwa njia yake. Ni afadhali kuliko mwanzo. Hata hivyo, mwenye duka la nafaka hana kompyuta, na "simu chache" haifiki soko zima.

Sisi tuko upande gani

Ni haki mjue tunapokaa. Programu yetu nasi tunaitoa kupitia Play Store, na kizuizi hiki kinatupunguzia simu za watu wanaolia kwamba pesa zimeibwa. Tena kampuni za fedha zina mkono wao katika jambo hili: benki nyingi na huduma nyingi za pesa huiuliza Google kama simu ina cheti kabla ya kukubali kufunguka, kwa hiyo mtu aliyeweka Android nyingine iliyo huria, salama kabisa, anajikuta hawezi kufungua benki yake. Anayetaka kuwa huru na Google anazuiwa na benki. Si rahisi kulaumu askari wa kizuizini wakati wewe ndiye unayemletea chai.

Pamoja na hayo, maoni yetu ni haya. Ruhusa za hatari zibanwe sana: ziombwe upya, zicheleweshwe, zisikubalike mtu akiwa katikati ya simu na asiyemjua. Lakini mwenye simu asinyimwe neno la mwisho, na duka huria linalokagua msimbo lisihesabiwe sawa na kiungo kilichorushwa kwenye kundi la WhatsApp. Na kama kuna orodha ya nani aruhusiwe kutengeneza programu kwa Wakenya, basi Mamlaka ya Ushindani, Mamlaka ya Mawasiliano na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ziwe na sauti ndani yake kabla ya 2027 kufika.

Ufanye nini wiki hii

Usizime Play Protect ili programu ipite, hata kama aliyeitengeneza ni mtoto wa jirani. Ukiizima kwa ajili ya moja, umeizima kwa zote, na watu husahau kuiwasha. Mtu akikupigia akuambie uizime, kata simu hapohapo. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba hilo, wala kukutumia programu kwa WhatsApp.

Ingia kwenye Mipangilio, tafuta Ruhusa, uone ni programu zipi tayari zinasoma SMS. Wengi hushangaa kukuta mchezo wa mtoto au programu ya tochi kwenye orodha hiyo. Toa ruhusa hiyo. Tochi itaendelea kuwaka. Fanya hivyohivyo kwenye Ufikivu, na hapo uwe mkali zaidi: kama huitumii kwa sababu ya macho au mikono, orodha iwe tupu. Angalia pia fundi wa simu au rafiki aliyekurushia programu kwa Xender alikuachia nini.

Kuhusu hesabu za duka, kuna njia mbili zisizomhitaji askari yeyote. Laini ya biashara iweke kwenye kabambe isiyokubali programu. SMS za malipo zitaingia, huduma ya kubonyeza nyota na namba itafanya kazi, na mkora hana pa kupachika kitu. Kisha kila mwisho wa wiki omba taarifa ya miamala kutoka kwa huduma unayotumia na uilinganishe na daftari lako. Mteja akisema "nimetuma", usisome simu yake. Soma yako, na kama una shaka angalia salio kabla ya kushusha gunia.

Kwa kijana mwenye programu, kama unasoma hapa: iombe ruhusa maalum ya programu za pesa kwenye Play Store, eleza kwa ufupi kwamba inasoma SMS za malipo pekee na haitumi chochote nje ya simu, na uache msimbo wazi kama ulivyo. Huku ukisubiri, ongeza sehemu ya kuingiza taarifa ya miamala kama faili ya kawaida. Hiyo haihitaji ruhusa ya SMS hata kidogo, kwa hiyo hata ikitumwa kwa WhatsApp haiombi lolote kati ya yale manne, na mwenye duka atapata jumla yake ya jioni.